Kohoa Kwanza

Meshaki Mwangoka alicheza mpira wa kulipwa Marekani kwa miaka tisa na hakuugusa. Sifanyi mzaha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, mwaka aliorudi, tukiwa tumekaa kwenye kilabu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, pale Lufingo, na tulicheka mpaka mama mwenye kilabu akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Hata mara moja?" nikamuuliza.

"Mara moja tu. Ulimponyoka mwenzangu, nikauangukia. Wakanilalia watu saba mgongoni."

"Na magoli je?"

"Mimi sikuwa mtu wa magoli, Ambindwile. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mwenye mpira. Wanaokuja kumpiga yeye, wanipige mimi."

Hapo ndipo tulipocheka zaidi. Miaka ishirini na minne tulikuwa tunajivunia mtu wetu anayecheza mpira kwa wazungu, tukijigamba mbele ya watu wa Kinyala na hata Tukuyu mjini, kumbe mtu wetu alikuwa mlango. Halafu akatuonyesha kwenye simu picha ya mpira wenyewe, nao umbo lake ni parachichi tupu. Nikamwita Parachichi. Jina likashika siku hiyo hiyo, na baada ya wiki watoto wa shule walikuwa wanamwamkia Babu Parachichi. Nayasema haya mapema ili ujue nani anakusimulia. Mengi katika habari hii yalianzia mdomoni mwangu.

Tulizaliwa mwaka mmoja, sabini na moja, nyumba zetu zikitenganishwa na migomba. Tulikua pamoja tukichuma chai ya wazazi na kuibeba mpaka kwenye banda la kupimia. Meshaki alibeba magunia mawili na hakuwa anayumba. Mwaka wa themanini na tisa, katikati ya masika, tulikuta gari la mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo limezama kwenye tope. Tukaitwa kusukuma. Mimi nilishika upande wa kushoto, Meshaki upande wa kulia. Nikateleza, nikakaa chini kwenye tope. Meshaki akainua nyuma ya lile gari gunia la majani likiwa bado mgongoni, maana alisahau kulitua. Mzungu alisimama kwenye mvua anamtazama, kisha akamuuliza ana umri gani.

Mimi hakuniuliza. Nilikuwa na umri ule ule.

Mzungu yule alikuwa na ndugu yake aliyefundisha mchezo huo kwenye shule moja huko Ohaio. Haukupita mwaka, Meshaki akapanda ndege. Nyuma yake aliacha binti mjamzito, Ikupa, ambaye alimzaa Benson na kufariki mtoto akiwa na miaka minne. Benson akalelewa na bibi yake. Baba alikuwa anatuma nguo, viatu na picha: jitu limevaa chuma kichwani, mabega kama ya fahali, nyuma ya fulana herufi za jina letu la Kinyakyusa ambalo watangazaji wa huko walishindwa kulitamka. Nilikuwa na picha moja ukutani kwangu. Niliitazama kwa chuki kila asubuhi nikinywa chai, siwezi kukudanganya.

Aliporudi mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, mke wa Kimarekani alikuwa ameshamwacha, na kazi alizofanya baada ya mpira zilikuwa zimemshinda moja baada ya nyingine. Alivaa miwani ya jua hata kanisani. Alisema mwanga unamchoma. Watu wakasema ni Frimasoni. Mimi sikuamini mambo ya Frimasoni, lakini sikukanusha.

Nilikuwa nakwenda kwake karibu kila siku. Ana kahawa nzuri, ana viti vya kulalia, na tukibaki wawili alikuwa anasimulia. Aliniambia kwamba kwenye mchezo ule kichwa chako kinagongana na kichwa cha mwenzako mara hamsini, sitini, kila mechi, na kwenye mazoezi hivyo hivyo, na hakuna anayehesabu. Ukianguka ukaona giza, daktari wa timu anakuja na kichupa cha dawa kali ya kunusa, kisha anakuuliza maswali matatu. Tuko mji gani? Tunacheza na nani? Leo siku gani? Ukishindwa, unatolewa, na ukitolewa mara nyingi nafasi yako anapewa kijana mwingine.

"Ukawa unajibuje?" nikamuuliza.

Akacheka, akanionyesha kifundo cha mkono. "Kabla ya mechi nilijifunga plasta hapa, nikaandika majibu. Nikiulizwa, nainamisha kichwa kama mtu anayewaza, nasoma."

"Miaka yote?"

"Minne ya mwisho."

Nikacheka naye. Niliona ni ujanja mzuri.

Kuna jambo moja kuhusu Meshaki ambalo hakuna aliyelitegemea. Tulidhani atarudi mzungu. Alirudi Mnyakyusa kuliko sisi wote. Kule alikokuwa alikuwa ameiweka Lufingo ya mwaka wa themanini na tisa kama nguo sandukuni, na alipofungua sanduku akakuta sisi wenyewe tulishaacha kuivaa. Alikasirika watoto wakimpita mzee bila kuinama. Alikasirika msibani watu wakila kwa zamu ovyo. Na Benson alipotaka kuoa, mwaka wa kumi na sita, Meshaki akasema sharti ni moja: kwangu mkamwana atatila.

Kutila ni ile heshima ya zamani ya mkwe na mkamwana. Mke wa mwanao hakuoni uso, na wewe humwoni wake. Hamkai chumba kimoja. Mkikutana njiani yeye anaacha njia, anaingia migombani, anajifunika. Wewe ukikaribia mahali alipo unakohoa kwanza, apate muda wa kuondoka. Atakayevunja anatozwa ng'ombe, naye anayehusika anatakaswa. Mama zetu waliishi hivyo. Siku hizi wengi wamelegeza. Nimeona baba mkwe na mkamwana wamepanda bodaboda moja kwenda gulioni Tukuyu, na mvua ilinyesha kama kawaida. Lakini Meshaki alitaka ile ya bibi yake, yote, bila kupunguza.

Na binti aliyeolewa alikuwa nani? Alikuwa Esnath, mtoto wa Kinyala, muuguzi wa zahanati yetu. Mtu pekee nyumbani mle, na pengine kata nzima, aliyesomea maradhi, ndiye aliyekatazwa kumtazama mgonjwa. Benson alikuwa dereva wa fuso la ndizi, siku tano kati ya saba yuko njiani kwenda au kutoka Dar. Kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili waliokuwa wakikwepana kuanzia asubuhi hadi jioni.

Esnath alishika mila kuliko ilivyohitajika. Nilimheshimu kwa hilo. Chakula alikiweka kwenye kibaraza cha mkwe, akagonga mlango mara mbili na kukimbilia jikoni. Lakini macho ya muuguzi yana njia zake. Alimjua mkwe wake kwa sahani zilizorudi na kwa sauti ya viatu. Mwaka wa pili wa ndoa aliona chai imerudi na chumvi ndani. Akaona kijiko kimefungwa kwenye leso kama kitu cha thamani. Akasikia kikohozi: zamani kilikuja kabla ya hatua, sasa kilikuja baada, wakati mkwe anatoka. Akaelewa kwamba mtu huyu anakumbuka kuna kukohoa, ila hakumbuki lini.

Mara ya kwanza Meshaki kuingia jikoni bila kukohoa ilikuwa mwaka wa kumi na tisa. Esnath alikuwa anasonga ugali. Akajitupa nyuma ya kuni, kitenge kichwani. Mkwe akasimama pale, akafunua sufuria, akala kwa mkono, akatoka. Jioni alipoambiwa, alilia. Alilia mbele yangu, jitu lile, machozi yakipita chini ya miwani. Yeye mwenyewe alitafuta ng'ombe, yeye mwenyewe alimwita baba yake mdogo, mzee Abrahamu, msimamizi wa ukoo, aje kusuluhisha.

Mara ya pili ilikuwa mbaya kwa sababu ilikuwa mbele za watu. Walikutana kwenye njia ya kisimani. Esnath akaacha njia, akajifunika. Meshaki akamfuata mpaka kwenye migomba, akainama, akamwinulia kitenge huku Esnath amefumba macho, akamuuliza kwa upole, "Wewe ni mtoto wa nani?" Wanawake wenye ndoo walikuwa pale, wakacheka kwa aibu. Wakaenda kusimulia.

Baada ya siku hiyo Esnath akanijia. Mimi si wa ukoo wao, na yeye ndiye aliyekuwa ananipima presha kila mwezi, asingeweza kunitila. Alikaa kwenye benchi langu, akaniita baba Leah, kwa jina la binti yangu.

"Baba Leah, wewe unakaa naye. Mimi siruhusiwi kumwona. Nitazamie."

"Nikutazamie nini?"

"Macho yake. Mboni zote mbili ziko sawa? Mikono inatetemeka? Akinyanyuka anashika ukuta? Usingizi anapata? Anarudia maneno? Usiku anaota anapiga kelele? Chunguza, uniambie, niandike."

Alikuwa na daftari kabisa. Akaniambia amesoma kwamba wachezaji wa mpira ule, wengi wao, wakifika umri fulani akili zinawaharibika kwa yale magongano, na kwamba si pombe wala si mashetani. Anataka kumpeleka kwa daktari bingwa wa kichwa anayekuja Mbeya mara chache kwa mwaka. Wazee wakiona imeandikwa na daktari, alisema, watamwacha. Maana mzee Abrahamu alikuwa ameshaanza kusema neno "kambi". Kulikuwa na kambi ya maombi upande wa Kinyala, watu walikuwa wanafungwa pale kwenye nguzo, wananyimwa chakula na maji mpaka kinachowasumbua kitoke.

Nikamkubalia. Na kwa wiki mbili tatu nilitazama kweli. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alinisimulia habari ya kuuangukia mpira mara nne kwa siku moja, kila mara akicheka mahali pale pale. Nilimweleza Esnath, akaandika.

Lakini mimi ni mtu wa kilabu. Ukinipa kimpumu na mrija, nikaona watu wamegeuza nyuso kunisikiliza, siwezi kukaa kimya. Nikaanza kuwasimulia maswali ya Esnath. Nikaigiza na sauti yake. "Baba Leah, macho yake yakoje? Baba Leah, usingizi anapata?" Watu wakavunjika mbavu. Wilson, fundi baiskeli, akauliza, "Na miguu hajauliza?" Nikasema, "Daftari bado halijajaa." Nilikuwa namaanisha utani. Ila mtu akitoka kilabuni na utani, akifika nyumbani kwake tayari ni habari. Ikawa inasemwa kwamba mkamwana wa Parachichi anaulizia mwili wa mkwe wake. Ikawa inasemwa kwamba yule mzee hakosei njia, ila anajua anachokifuata.

Nilisikia maneno hayo yakirudi kwangu. Sikuyazima. Nilikuwa naogopa kuulizwa yametoka wapi.

Daktari akapangiwa Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka wa ishirini na moja. Benson angefika Jumatano na gari. Kwa kuwa mkamwana hawezi kukaa gari moja na mkwe, Esnath akaniomba nimsindikize mimi, nikae naye nyuma, nijibu maswali ya daktari. Nikasema nitakwenda. Mzee Abrahamu alipopata habari alikataa. "Mwenyewe hataki hospitali," alisema. "Mwanamke ndiye anayetaka." Esnath hakuwa na njia ya kumuuliza mkwe wake anataka nini. Baadaye akagundua kwamba mila haisemi chochote kuhusu karatasi. Jumapili, chini ya sahani ya ndizi, akaweka barua: Baba, Alhamisi utakwenda Mbeya kwa daktari wa kichwa. Ukikubali, rudisha karatasi hii kwenye sahani. Sahani ikarudi bila karatasi. Hakujua kama amekataa, ameitupa, au ameisahau mfukoni.

Jumanne mchana mvua ilikuwa inanyesha, ile yetu ya Tukuyu isiyojua kuondoka. Esnath alirudi nyumbani kuchukua kadi za zahanati. Akasikia kishindo chumbani kwa mkwe. Akaita kutoka nje. Kimya. Akagonga, akaita tena. Akakimbia kwangu, mimi ndiye jirani wa karibu, lakini mimi nilikuwa kilabuni. Akarudi peke yake, akasimama mlangoni, kisha akaingia.

Alimkuta chini, nyusi imepasuka, damu imeingia jichoni. Akachana pindo la kitenge chake akamfuta. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika miaka mitano kumtazama uso kwa karibu, na aliniambia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia mboni.

Mke wa mzee Abrahamu alikuwa anapita na mwavuli wa jani la mgomba. Alimwona Esnath anaingia chumba cha mkwe na hatoki. Hakuuliza. Akaja moja kwa moja kilabuni.

"Gwe Abrahamu," akamwambia mumewe, "njoo uone mwanao na mke wa mjukuu wako. Mchana mweupe."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo linaloniuma. Wanaume watano tulisimama kwa pamoja kama watu waliokuwa wanangoja kuitwa. Mzee Abrahamu, Wilson, wanawe wawili wa mzee, na mimi. Tulipopita kwangu nikafungua kamba ya ndama. Hakuna aliyeniagiza.

Tuliingia kwa kishindo. Meshaki alikuwa amekaa kitandani, Esnath amepiga magoti anamfunga nyusi. Akatuona tunapita mlangoni mmoja baada ya mwingine. Akasimama. Akaokota sakafuni miwani iliyokuwa imevunjika, akaiweka kitandani taratibu. Kisha akafanya kitu ambacho nilikiona kwenye picha mara nyingi sana: akakunja magoti, mkono mmoja ukagusa sakafu, akainuka na mikono yote miwili imekunjwa mbele ya kifua. Akasogea hatua moja kushoto. Esnath akawa nyuma yake.

Alikuwa kazini. Sijui alituona sisi ni akina nani. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mtu nyuma yake na watu mbele wanaokuja.

"Najisi nyie," akasema mzee Abrahamu. "Wewe mwanamke unajificha nyuma ya mkweo, na wewe Meshaki unamkinga. Mnatuonyesha sasa."

"Mzee, ameanguka," Esnath akasema. "Mimi ndiye niliyeingia. Yeye hajakosea, mimi ndiye nimekosea, nitozeni mimi. Baba Leah, mtazame mkono. Someni mkono wake."

Niliona kuna kitu cha bluu kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo. Nilikuwa karibu, ningeweza kusoma. Wilson alikuwa ameshamrukia.

Meshaki hakupiga mtu. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa yamesemwa mengine. Alisukuma kwa viganja vilivyo wazi, kifuani, na Wilson akaenda kugonga ukuta. Wana wa Abrahamu wakaja, akawasukuma. Akasukumwa, akarudi mahali pake, akahakikisha kwa kisigino kwamba mwenzake bado yuko nyuma. Mtu wa miaka hamsini, damu jichoni, alitusimamisha watano kwa muda wa kutosha mtu kuchemsha chai. Halafu goti la kulia, lile alilofanyiwa upasuaji mara tatu huko Marekani, likakatika. Akaanguka kifudifudi, akijitahidi bado kuinuka.

Kamba ilikuwa yangu, na mafundo niliyafunga mimi. Nilizaliwa kwenye ng'ombe, najua kufunga.

"Baba Leah," Esnath alikuwa anasema, siyo kwa kelele, "Alhamisi. Tulikubaliana Alhamisi."

Nikakaza fundo la mwisho.

Akapelekwa kambini kwa lori la mchanga. Jumatano Benson akafika, akakuta baba yake hayupo na mke wake amekaa nje ya nyumba kwa sababu wazee walisema asiingie mpaka atakaswe. Benson ni mtoto aliyelelewa na bibi; wazee wakisema, anainama. Akatoa ng'ombe. Ng'ombe akachinjwa mchana ule ule, mkewe akamwagiwa maji yenye dawa mbele ya ukoo, akarudishwa ndani. Nyama ikagawiwa. Mimi nilipewa kipande cha paja, kwa kuwa nilisaidia, na nilikila.

"Twende tukamchukue baba," Esnath alimwambia mumewe. "Kesho ndiyo Alhamisi."

"Babu Abrahamu amesema siku saba," Benson akajibu.

Alhamisi asubuhi mtu wa kambi alikuja kwa pikipiki kutuambia Meshaki amekutwa amekufa kwenye nguzo. Alikuwa hajapewa maji tangu Jumanne. Mtumishi wa pale aliomba familia isimchukulie vibaya, akasema kilichokuwa ndani yake kilikuwa kikubwa mno, kilipotoka kimeondoka naye. Mzee Abrahamu akasema amina. Benson alikaa kwenye benchi langu akashika kichwa. Saa ile ile baba yake alipaswa kuwa Mbeya, kwenye foleni ya daktari.

Tulimwosha sisi wanaume, mimi na Wilson, chumbani kwake. Wilson alitoka kwenda kuongeza maji. Nikabaki na rafiki yangu peke yangu. Kamba ilikuwa imechuna ngozi ya vifundo vyote viwili, na chini ya alama ya kamba, kwenye mkono wa kushoto, kulikuwa na maandishi ya bluu ya makapeni, ile kalamu ya wino mzito. Kamba ilikuwa imefuta baadhi ya herufi, lakini yalisomeka. Mwandiko mkubwa, wa mtu aliyekuwa anaandika polepole ili asikosee.

KOHOA KWANZA. MKAMWANA YUPO.

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi:

ALHAMISI MBEYA. NAKUBALI.

Nikasoma mara mbili. Nikakumbuka plasta, na maswali matatu, na mimi nikicheka. Mwandiko wa juu ulikuwa umekolezwa, umeandikwa siku nyingi juu ya alama za siku nyingine. Kila asubuhi alikuwa anauandika upya. Watu wote Lufingo walikuwa wanasema mzee huyu ameacha heshima kwa makusudi, naye alikuwa amejiandika heshima hiyo mwilini ili isimpotee.

Nilisikia viatu vya Wilson vinarudi kibarazani. Nilikuwa na nafasi ya kumwita aone. Angeona, na kufikia jioni kijiji kizima kingejua, na jina la Esnath lingesafishwa bila ng'ombe, na mzee Abrahamu angeulizwa, na mimi ningeulizwa, na kilabuni watu wangetazama mikono yangu.

Nikachukua dodoki na sabuni ya kipande. Makapeni haitoki kirahisi. Nilisugua mpaka ngozi ikawa nyeupe, mpaka Wilson akasema kwa mzaha, "Taratibu, bwana, hatumpeleki harusini."

Alizikwa Ijumaa. Watu walikuwa wengi, ngoma ilipigwa, na vijana walimpamba kwa kulivalisha jeneza fulana yake yenye jina mgongoni. Esnath hakuruhusiwa kusogea karibu wakati wa kuaga. Mkamwana hamtazami mkwe, hata akiwa amekufa. Alisimama nyuma kabisa na wanawake wa jikoni, kitenge usoni. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho. Benson bado anapeleka ndizi Dar, na anarudi kwenye nyumba tupu.

Siku aliyoondoka, Esnath alipita kwangu na begi lake. Hakukaa.

"Baba Leah, wewe ndiye uliyemwosha."

"Ndiyo, mama."

"Mkono wa kushoto. Niliona maandishi, sikuwahi kusoma. Yaliandikwa nini?"

Alikuwa ananitazama machoni, moja kisha jingine, kama alivyotaka mimi nimtazame mwenzangu. Nyuma yake dereva wa bodaboda alikuwa ameacha injini inanguruma.

"Hapakuwa na kitu," nikamwambia. "Ulikuwa uchafu tu. Nikauosha."